Kudumaa na Kudumazwa: Walter Rodney na Kiswahili

Mtoto anaweza kudumaa pasipo mtu yeyote kutajwa. Kitenzi hicho hakina mtenda, kama vile kuoza, kukauka na kuchakaa. Lakini kiongezee sauti moja tu, kiwe kudumaza, na papo hapo sentensi inaanza kudai jina. Nani amemdumaza? Kwa njia gani? Tangu lini? Darasani tunaiita kauli ya kutendesha, kisha tunaendelea na mada inayofuata. Mimi nimelikalia jambo hili kwa miaka, kwa sababu ndani ya sauti hiyo moja mna hoja nzima ya kitabu kilichotoka London na Dar es Salaam mwaka 1972: How Europe Underdeveloped Africa cha Walter Rodney.

Rodney alilazimika kukipinda Kiingereza. Katika lugha hiyo, neno walilolitumia wachumi wa enzi zile lilikuwa sifa ya hali tu: nchi fulani iko nyuma, basi, kama mtu alivyo mfupi au mrefu. Yeye akaligeuza likawa kitenzi chenye mtenda mbele na mtendwa nyuma. Jina la kitabu likawa sentensi kamili, na sentensi hiyo ikawa hati ya mashtaka. Kiswahili kingempa bure kile alichokitolea jasho. Tuna kudumaa na kudumaza, kufukarika na kufukarisha, kudhoofu na kudhoofisha, kukwama na kukwamisha, ghala imejaa. Ajabu ni kwamba sisi wenye ghala, serikalini na magazetini, tulichagua kusema “nchi zisizoendelea”, na baadaye, kwa adabu zaidi, “nchi zinazoendelea”. Semi zote mbili hazina mtenda, wala hazimuulizi mtu swali.

Mwalimu Nyerere alikuwa ameshika ncha ya pili ya uzi huohuo. Katika hati yake ya Oktoba 1968 kuhusu uhuru na maendeleo alishikilia kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine. Watu hujiendeleza wenyewe. Kwa lugha ya wanasarufi, Mwalimu alikikatalia kitenzi cha maendeleo kauli ya kutendesha, na Rodney akakidai kitenzi cha udumavu kiwe nayo. Hoja hizo mbili hazigombani. Mtu anaweza kukudumaza, lakini hakuna awezaye kukuendeleza. Sijui mahali ambapo siasa ya miaka ile imefupishwa vizuri zaidi kuliko katika viambishi hivyo viwili, na huwa nasikitika kwamba hakuna mshairi aliyekaa chini akaifanyia kazi.

Hilo linanifikisha kwenye jambo ninalotaka kulieleza hasa: jinsi mtu mwenye hoja inayokaa vizuri hivi katika lugha yetu alivyoondoka nchini mwaka 1974, naye akaitaja lugha kuwa miongoni mwa sababu za kuondoka kwake.

Walter Rodney alizaliwa Georgetown, Guyana, tarehe 23 Machi 1942. Alisoma Chuo Kikuu cha West Indies huko Jamaika, kisha London, ambako alipata shahada ya uzamivu mwaka 1966 akiwa na umri wa miaka 24. Utafiti wake ulihusu pwani ya Guinea ya Juu na biashara ya watumwa, na ili aufanye ilimpasa kujifunza Kireno na Kihispania, kwa kuwa nyaraka za biashara hiyo zilihifadhiwa kwa lugha za walioifanya. Tulitie hili akilini. Hakuwa mvivu wa lugha. Alizisoma lugha za wenye merikebu mpaka akaweza kuwashitaki kwa maandishi yao wenyewe.

Mwaka huohuo wa 1966 alikuja kufundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967 alikuwa Mlimani. Mwanzoni mwa 1968 alirudi Jamaika kufundisha katika chuo alichosoma, na huko ndiko alikofanya jambo lililompa jina kabla ya kitabu chochote. Saa za kazi zikiisha, alishuka kutoka chuoni akaenda kuketi na Marasta na vijana wasio na ajira wa mitaa duni ya Kingston, akizungumza nao historia ya Afrika. Wao walikuwa na neno lao la kikao cha namna hiyo, neno lenye ardhi ndani yake: kuketi chini pamoja, kila mtu akiwa sawa na mwenzake, na kulichambua jambo mpaka lieleweke. Rodney alilichukua akaliweka katika jina la kitabu chake kidogo cha mwaka 1969. Waswahili wa pwani wangesema baraza. Huku kwetu bara tungesema kijiwe, ingawa kijiwe kimeharibiwa sifa na wanaodhani kwamba wanaokaa hapo hawana kazi.

Serikali ya Jamaika haikuvumilia. Oktoba 15, 1968, Rodney aliporejea kutoka mkutano wa waandishi weusi uliofanyika Montreal, alizuiwa kushuka kwenye ndege. Kesho yake wanafunzi waliandamana, wakazi wa Kingston wakajiunga nao, na mji ukawaka. Mwaka 1969 alikuwa amerudi Dar es Salaam, na safari hii alikaa hadi 1974.

Turudi sasa kwenye lugha, maana miaka hiyo mitano ilikuwa miaka ya mavuno kwa Kiswahili. Mwaka 1969 Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare akaiita Mabepari wa Venisi. Bepari, neno lililotujia kutoka Bara Hindi, lilikuwa mfanyabiashara tu. Katika kalamu ya Mwalimu likabeba mzigo wa Azimio la Arusha. Beberu, dume la mbuzi, akawa mtawala wa mataifa ya wengine. Kunyonya, kitendo cha mtoto kifuani mwa mama, kukazaa unyonyaji; kupe akatoka kwenye ngozi ya ng’ombe akaingia kwenye hotuba; mirija ya pombe ikawa mirija ya uchumi. Kamusi ya siasa ilijengwa kutokana na zizi, na jikoni, na mwili. Msukuma mwenye ng’ombe hakuhitaji kufafanuliwa kupe ni nani.

Mlimani kwenyewe, palipokuwa na moto mkubwa wa fikra, mjadala uliendeshwa kwa Kiingereza. Jarida la wanafunzi wa mrengo wa kushoto, waliokuwa na Rodney kama mwalimu na mwenzao, lilianza Novemba 1969 likiitwa Cheche. Jina lilikuwa la Kiswahili. Makala zilikuwa za Kiingereza. Mwaka mmoja baadaye serikali ililipiga marufuku pamoja na chama cha wanafunzi kilicholiendesha, USARF, na moja ya sababu zilizotolewa ilihusu jina: Cheche, ikasemwa, ni tafsiri ya jina la gazeti la Lenin na la jarida la Nkrumah, hivyo linaashiria itikadi ya kigeni. Jarida lililofuata likaitwa MajiMaji. Huwa nacheka kidogo ninapolisimulia hili, ijapokuwa halikuwachekesha waliohusika. Neno moja la Kiswahili juu ya jalada lilionekana la hatari.

Katika miaka hiyohiyo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mlimani, mikoa ya Ziwa ilikuwa darasa. Mwaka 1968 Tanzania na UNESCO zilianzisha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera, na makao yake yakawa hapa Mwanza. Watu wazima walifundishwa kusoma na kuandika kupitia kazi zao: vitabu vya pamba kwa wakulima wa pamba, vya migomba kwa wa migomba, vya uvuvi kwa wavuvi, vya malezi na mapishi bora kwa akina mama. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakikusanyika kuzunguka redio kijijini, wakisikiliza na kujadiliana, kisha wakienda kuchimba vyoo. Mwaka 1974 Mwanza ikapata gazeti la wasomi wapya, jina lake Elimu Haina Mwisho.

Ukiyatazama haya kwa jicho la Kingston, yalikuwa mabaraza yaleyale, tena kwa kipimo ambacho Rodney hangeweza kukiota Jamaika: wakulima na wavuvi wakiketi jioni na daftari, wakiisoma hali yao. Na lugha ya mabaraza hayo ilikuwa Kiswahili.

Kwa nini basi aliondoka? Sababu kubwa aliitoa mwenyewe katika mazungumzo marefu aliyoyafanya Marekani katikati ya miaka ya 1970, yaliyochapishwa baada ya kifo chake. Nasimulia kwa maneno yangu. Alisema kwamba mtu anayetaka kufanya kazi ya siasa miongoni mwa watu, si kufundisha darasani tu, lazima aimudu lugha yao na utamaduni wao kwa kina: nahau zao, utani wao, namna wanavyodokeza jambo bila kulitaja. Tanzania asingeweza kufika kina hicho bila kutumia miaka mingi ya maisha yake. Guyana kilikuwa tayari kinywani mwake. Chuoni, kwa Kiingereza, angeendelea kuwa mwalimu mzuri. Barazani angekuwa mgeni anayekaribishwa kiti.

Kauli hiyo naiheshimu kuliko karibu zote zilizowahi kutolewa na mgeni kuhusu Kiswahili. Wapo waliotujia na maneno kumi ya salamu wakajiita wenyeji. Wamarekani weusi walikuwa wamelipenda jina la lugha yetu tangu miaka ya 1960. Sikukuu ya Kwanzaa, iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, ina nguzo saba zenye majina ya Kiswahili, na vyuo vilivyoanzisha taaluma za watu weusi viliweka Kiswahili katika mitaala. Ni mapenzi ya kweli, nami siyadharau. Lakini Rodney, aliyekaa nasi miaka, ambaye mabinti zake wawili walizaliwa hapa, alijua tofauti ya kupenda maneno na kuwa na lugha. Alitupa heshima ya kutudhania kuwa wagumu.

Hata hivyo nina neno la kumjibu, nami nalisema nikiwa mtu wa Ziwa. Rodney alikifikiria Kiswahili kama watu wa pwani wanavyokifikiria, kama nyumba ya wenyewe, yenye sebule na vyumba vya ndani ambavyo mgeni hafiki. Huku kwetu hakikuwa hivyo. Wale wakulima wa pamba waliokuwa darasani mwaka 1970 walikuwa Wasukuma; wale wavuvi walikuwa Wakerewe, Wajita, Wazinza; wenye migomba walikuwa Wahaya. Wengi wao walikuwa wakijifunza kusoma kwa lugha wasiyonyonya kwa mama zao, kama yeye. Mtu wa Georgetown na mzee wa Magu walikuwa wanafunzi wa lugha moja katika miaka ileile. Kiswahili cha mikoa ya Ziwa, chenye lafudhi inayowachekesha watu wa Unguja mpaka leo, kilijengwa na wageni watupu walioamua kuketi pamoja. Angalikuja huku angepewa kiti, ndiyo, lakini angekuta kila mtu amekalia kiti cha kupewa.

Buzuruga ninakoishi ni ushahidi. Ni kata ya Ilemela, kando ya barabara ya Musoma, na kabla ya kujengwa stendi kuu ya Nyamhongolo stendi yetu ndiyo iliyopokea mabasi ya Bunda, Musoma na Tarime. Mtaa mmoja una lugha sita. Hakuna anayemiliki Kiswahili hapa, na kwa hiyo hakuna anayeogopa kukipinda. Jumamosi alasiri huwa naketi na kikundi cha wasomaji, baadhi yao mafundi cherehani, wengine wapiga debe, wengine wauza dagaa. Siku za kazi nafundisha chuoni historia ya Afrika na ya Waafrika waliotawanywa duniani, kwa Kiingereza, kama utaratibu unavyotaka. Jumamosi nafundisha kitu hichohicho kwa Kiswahili, na ni kazi ngumu zaidi, maana msikilizaji hakubali neno asilolielewa kwa sababu tu limo kwenye mtihani.

Nilipofika kwenye hoja ya Rodney nilitumia kwanza neno la vitabuni, “maendeleo duni”. Lilipita kama upepo. Ndipo nikawauliza maana ya neno lililobandikwa ukutani kliniki: udumavu. Akina mama walilijua wote. Ni neno la mizani ya watoto. Nikasema, sasa chukueni kitenzi chake mkitendeshe. Palikuwa kimya kidogo, kisha mama mmoja, mwenye biashara ya samaki, akasema: “Mwalimu, kama ni hivyo, minofu inapanda ndege, sisi tunabaki na mapanki.” Mapanki, kwa msomaji asiye wa Mwanza, ni mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa kwa ajili ya kuuzwa nje, huuzwa kwa bei ya chini, hukaangwa, huliwa. Filamu ya mwaka 2004 iliyoyaonyesha ilizua mabishano makali nchini kuhusu heshima ya mji wetu. Yule mama hakuwa na habari na filamu. Alikuwa amekipata kiini cha kitabu kwa nomino mbili, naye hakuishia hapo: akauliza nani hasa anayepanga bei, na mazungumzo yakaendelea mpaka magharibi, kutoka sangara hadi pamba, kutoka pamba hadi kile kiwanda cha nguo cha Mwatex kilichojengwa upande wetu huu wa mji ili pamba isiondoke yote ikiwa marobota. Hapo wazee walikuwa na mengi ya kusema kuliko mimi.

Kazi ya kuiingiza fikra hii katika Kiswahili ilifanywa na wengine, wengine wao watu wa Ziwa hilihili. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Tanzania Publishing House, wachapishaji walewale wa Rodney, walitoa Viumbe Waliolaaniwa, tafsiri ya kitabu mashuhuri cha Frantz Fanon iliyofanywa na Clement Maganga na Gabriel Ruhumbika, mzaliwa wa Ukerewe. Euphrase Kezilahabi, naye wa Ukerewe, alikuwa mwanafunzi Mlimani hadi 1970. Mwaka 1974, mwaka ambao Rodney alifunga mizigo, alichapisha Kichomi na kuuvunja mkatale wa vina na mizani, na mwaka 1979 akatoa Gamba la Nyoka, riwaya inayowaangalia bila huruma wasomi wanaowapelekea wanakijiji ukombozi wasioutafakari pamoja nao. Baadaye Seithy Chachage, profesa wa sosholojia palepale Mlimani, aliandika Makuadi wa Soko Huria mwaka 2002. Kwa maoni yangu ni kitabu kilicho karibu zaidi na kile ambacho Rodney angeandika kama angekaa akajifunza utani wetu. Kuadi! Kiingereza hakina neno lenye uvundo wa namna ile.

Kwa upande wa Rodney, lugha aliyoirudia ilimpa alichokitaka, na ikamgharimu. Alikuwa ameteuliwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Guyana. Serikali ya Forbes Burnham ikaufuta uteuzi kabla hajaanza kazi. Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika ulifanyika Dar es Salaam mwezi Juni 1974, naye hakuhudhuria kwa ugonjwa, ingawa waraka wake uliwakosoa vikali watawala waliokuwa wakijiandaa kukaa viti vya mbele. Mwaka 1976 kituo cha taaluma za watu weusi cha Chuo Kikuu cha Cornell kilichapisha utafiti wake kuhusu uchumi wa Tanzania wakati wa Vita Kuu ya Pili. Yeye mwenyewe alikuwa Georgetown, bila kazi ya chuo, akiandika historia ya wafanyakazi wa Guyana mchana na kuhutubia mikutano ya pembeni mwa barabara usiku, kwa lugha ya watu wake, wenye asili ya Afrika na wenye asili ya India pamoja, jambo ambalo watawala waliliogopa kuliko vitabu.

Katika miaka hiyo alikuwa na mpango wa vitabu vidogo vya watoto, kimoja kwa kila watu walioletwa Guyana, kueleza walitoka wapi na walifikaje. Kimoja kinamhusu mtoto aliyetoka Afrika, Kofi Baadu. Kingine kinamhusu Lakshmi wa India. Mingine iliyobaki haikuandikwa. Tarehe 13 Juni 1980, bomu lililofichwa ndani ya redio ya mawasiliano lilimlipukia garini mjini Georgetown. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Kikundi chetu kimeanza kukitafsiri kile cha Kofi Baadu kwa matumizi yetu wenyewe, sentensi tano au sita kila Jumamosi. Tumekwama ukurasa wa kwanza, juu ya kitenzi. Fundi cherehani anataka mtoto “achukuliwe”. Mama wa samaki anasema hapana, “aliibwa”.